Jinsi ya Kutabiri Mshindi wa Hatua ya Vilima Katika Mbio za Baiskeli

Kati ya tarehe 6 na 11 Julai 2025, Tour de France, mbio za wiki tatu ambazo kila siku ina hatua yake, ilipitia hatua nne za vilima kaskazini na magharibi mwa Ufaransa. Mjini Boulogne-sur-Mer alishinda Mathieu van der Poel, akiwazidi kasi Tadej Pogačar na Jonas Vingegaard katika mita za mwisho. Siku mbili baadaye, mjini Rouen, Pogačar alimgeuzia kibao Van der Poel. Vire Normandie ikaenda kwa Ben Healy, aliyefika peke yake baada ya kuwaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita 42. Kesho yake Pogačar akashinda tena, safari hii juu ya Mûr-de-Bretagne.

Kwenye kitabu cha mbio hatua hizo zote zina alama moja: vilima. Barabarani zilikuwa za aina mbalimbali, na ndiyo maana anayeanza na jina la mwendeshaji hukosea mara nyingi. Swali la kwanza ni hili: leo ushindi utapatikana kwa njia gani? Ukishalijibu, orodha ya majina hujipunguza yenyewe.

Maneno mawili yatarudi mara kwa mara. Kundi kuu ni msafara mkubwa wanamokaa vinara wa msimamo wa jumla (yaani jumla ya muda wa hatua zote) na timu zao. Waliochomoka ni wale waliotoka mbele ya kundi hilo mapema na kujaribu kufika bila kushikwa.

1. Soma njia kuanzia mstari wa mwisho kurudi nyuma

Gawa kwanza jumla ya mita za kupanda kwa kilomita za hatua. Chini ya mita 8 kwa kila kilomita, ichukulie kama tambarare hata kama ina vilima viwili vitatu. Kati ya 10 na 20 ndiyo hatua ya vilima hasa. Hatua ya Vire Normandie ilikuwa na kilomita 201.5 na mita 3,550 za kupanda, yaani karibu 17.6. Mbio za dunia za wanaume zilizofanyika Kigali mwezi Septemba 2025 zilikuwa na kilomita 267.5 na mita 5,475, yaani 20.5. Hesabu hiyo inakuambia miguu itachoka kiasi gani. Haikuambii nani atashinda.

Sasa tazama kilomita 30 za mwisho na uandike mambo manne kwa kila kilima: urefu, wastani wa mwinuko, sehemu kali kuliko zote, na umbali kutoka kileleni hadi mstari. Hili la nne ndilo linalosahaulika zaidi, nasi tunaliweka mbele ya mengine yote.

Kama mstari uko kileleni, mwenye nguvu nyingi kwa kilo ya mwili anafaidi kila alichonacho, mradi aingie kwenye kilima akiwa miongoni mwa kumi au kumi na tano wa mbele. Kilele kikiwa kilomita 1 hadi 5 kabla ya mstari, mshambuliaji mmoja anaweza kuulinda mwanya wa sekunde 10, kwa kuwa waliobaki nyuma huishia kutazamana kila mmoja akingoja mwenzake avute, yaani akae mbele akikata upepo. Kuanzia kilomita 5 hadi 15 hukumu hutegemea aina ya barabara: mteremko wenye kona nyingi humlinda aliye mbele, na barabara pana iliyonyooka humrudisha mikononi mwa wanaomfukuza. Zikizidi 15 bila kilima kingine, wenye kasi ya mwisho hurudi, hasa wakiwa bado na mwenza mmoja au wawili wa timu wa kuvuta.

Mfano wa wazi ni Pogačar mwenyewe, Aprili 2025. Kwenye Amstel Gold Race, mbio za siku moja, alitoka mapema akabaki peke yake, lakini Remco Evenepoel na Mattias Skjelmose walimfikia kabla ya mstari, na Skjelmose akawashinda wote wawili kwa kasi ya mwisho. Wiki moja baadaye, kwenye Liège-Bastogne-Liège, nazo za siku moja, alishambulia kwenye kilima cha La Redoute zikiwa zimebaki takriban kilomita 34, na hakuna aliyemwona tena. Mtu ni yuleyule na hali ya mwili ni ileile, ila barabara si ileile. Vilima vya Amstel ni vifupi na kati yake kuna njia za wazi ambako wawili wanaosaidiana humzidi mmoja. Baada ya La Redoute bado kuna kupanda kwa kutosha kuwavunja wanaofukuza.

2. Pima uzito wa kila kilima

Tumia hesabu hii: chukua wastani wa mwinuko kwa asilimia, ugawe kwa 2, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa urefu kwa kilomita. Mûr-de-Bretagne ina kilomita 2 kwa asilimia 6.9: 3.45 mara 3.45 ni 11.9, mara 2 ni karibu 24. Mur de Huy, kilima kinachomaliza mbio za siku moja za Flèche Wallonne, kina kilomita 1.3 kwa asilimia 9.6: utapata 30. Kwa nini mwinuko unazidishwa kwa wenyewe? Kwenye asilimia 4 wanapita kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa, na aliyejificha nyuma ya mwenzake bado anaokoa nguvu nyingi. Kwenye asilimia 10 kasi inashuka, upepo haumsaidii tena anayejificha, na kila mmoja anabeba uzito wake mwenyewe.

Kilima kilicho mbali na mstari kipunguzie thamani. Kilicho ndani ya kilomita 10 za mwisho kiache kama kilivyo, cha kilomita 10 hadi 25 kizidishe kwa 0.8, cha 25 hadi 50 kwa 0.6, cha 50 hadi 75 kwa 0.4, na vya nyuma zaidi kwa 0.2. Jumlisha vyote upate alama moja ya hatua nzima, kisha ilinganishe na hatua za nyuma ambazo mshindi wake unamjua.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wastani wenyewe. Mûr-de-Bretagne inaonekana kama asilimia 6.9 tulivu, lakini kilomita ya kwanza inakaribia asilimia 10 na ya pili inalegea. Pigo hutolewa chini, kisha anayeweza kuendelea na gia kubwa mahali panapolegea ndiye anayefaidi. Hii ndiyo sababu mwaka 2021 Van der Poel, ambaye si mwepesi, alishinda hapo, na mwaka 2025 ikabidi Pogačar akimbizane na Vingegaard hadi mita za mwisho. Kwa hiyo tafuta mchoro wa mwinuko wa kila mita 500, au hata wa kila mita 100. Programu ya Strava inao kwa karibu kila kilima kinachojulikana.

Mtego wa pili ni kuiamini alama bila kutazama kilichofuata. Kwenye hatua ya 11 ya Tour hiyohiyo, kilima cha mwisho, Pech David nje kidogo ya Toulouse, kilikuwa na mita 800 kwa asilimia 12.4. Hesabu inatoa 31, zaidi ya Huy. Lakini kutoka kileleni hadi mstari palikuwa na takriban kilomita 9, na walioamua ushindi ni wawili waliochomoka mapema: Jonas Abrahamsen, mtu mzito kiasi na mwenye injini kubwa ya tambarare, alimshinda Mauro Schmid kwenye mstari.

Angalia pia muda, maana mwili unajua dakika kuliko kilomita. Pigo la chini ya dakika moja ni la wenye kasi ya mwisho waliozoea kupanda. Dakika 2 hadi 3, kama Huy, ni la watu wa vilima vifupi: Alejandro Valverde alishinda hapo mara tano na Julian Alaphilippe mara tatu. Kupanda kunakozidi dakika 10, kama Mont Kigali yenye kilomita 5.9 kwa asilimia 6.9, tayari ni kazi ya wanaowania msimamo wa jumla.

3. Uliza nani atafukuza, na kwa faida ya nani

Hapa ndipo utabiri mwingi unapofia. Kundi kuu halifukuzi lenyewe. Lazima timu fulani itoe watu wake wavute, na timu haivuti bila sababu. Pitia orodha ya timu na uandike mbele ya kila moja: ina mtu wa kushinda leo? Ina jezi ya kulinda? Ina wasaidizi wenye nguvu waliobaki? Ukipata timu mbili au tatu zenye "ndiyo" ya dhati, waliochomoka watashikwa. Ukipata moja tu, tena iliyochoka, mpe nafasi kubwa mtu wa mbele.

Siku ya Vire Normandie, Pogačar alianza akiwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza msimamo wa jumla. Jezi hiyo ina gharama: timu yake inalazimika kuongoza kundi kila siku, na mvaaji anakaa muda mrefu na waandishi na kwenye jukwaa. Mbio zikiwa na wiki mbili na zaidi mbele, timu yake, UAE, haikuwa na sababu ya kujiua. Kati ya wanane waliochomoka alikuwemo Van der Poel, na jioni alichukua njano kwa tofauti ya sekunde 1. Healy alishinda kwa sababu alikuwa na miguu, na kwa sababu hakuna timu iliyotaka kulipa gharama ya kumshika.

Sekunde za zawadi hubadilisha hesabu hii. Kwenye Tour wa kwanza hupata 10, wa pili 6, wa tatu 4. Vinara wakikaribiana kwa msimamo na mstari ukiwa juu ya kilima, timu zao zitafukuza kwa ajili ya sekunde hizo.

Tazama na mwanzo wa hatua. Kilomita 40 za kwanza zikiwa za kupanda, wanaofanikiwa kuchomoka ni wenye nguvu kweli, na huwa vigumu kuwarudisha. Zikiwa tambarare, huchomoka yeyote mwenye bidii, na kundi kuu huwaachia kamba fupi. Ile kanuni ya zamani kwamba kundi kuu hula dakika moja kwa kila kilomita 10 ilitungwa kwa barabara tambarare, usiilete hapa. Kwenye vilima mfululizo kasi ya kundi na kasi ya waliochomoka hukaribiana. Dakika 3 zikiwa zimebaki kilomita 40 ni mwanya mkubwa sana.

Mbio za siku moja zina tatizo lake: wababe kuviziana. Kigali, mbio za dunia za wanawake zilikwenda kilomita 164.6 kwenye vilima vilevile, na waliotajwa sana wakaachiana kazi ya kufukuza. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: Magdeleine Vallieres wa Canada aliondoka na jezi ya bingwa wa dunia, na wengi hawakuwa wamemtia hata kwenye kumi bora. Kwa wanaume hali ilikuwa kinyume. Pogačar alishambulia Mont Kigali zaidi ya kilomita 100 kabla ya mwisho, na katika waliomaliza, 30 tu, Evenepoel akawa wa pili na Healy wa tatu. Palipo na mmoja anayewazidi wote kwa mbali, kuviziana hakuna nafasi. Wakiwepo watano wanaolingana, mpe asilimia za kutosha mtu wa daraja la pili anayejua kuchomoka kwa wakati.

4. Andika majina chini ya kila njia ya ushindi

Njia za kawaida ni tatu: waliochomoka wanafika, kundi dogo la 10 hadi 40 linamalizia kwa kasi au kwa kupanda, au kinara mmoja anaondoka peke yake kutoka kundi kuu. Chini ya ile ya pili tenganisha umaliziaji. Mita za mwisho zikiwa asilimia 3 hadi 5, tafuta wenye kasi wanaohimili vilima. Biniam Girmay wa Eritrea ni kielelezo kizuri: mwaka 2022 kwenye Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, hatua ya 10 iliyoishia Jesi baada ya vilima vingi vifupi, alimshinda Van der Poel ana kwa ana. Mads Pedersen alifanya kazi kama hiyo kwenye Giro ya 2025 pale Monte Berico, juu ya Vicenza, akimtangulia Wout van Aert. Mwinuko ukifika asilimia 8 na kuendelea, watu wa aina hii wafute bila huruma, isipokuwa kilima kikiwa cha mita mia chache.

Kwa waliochomoka, tafuta sifa tatu pamoja: yuko nyuma vya kutosha kwenye msimamo wa jumla asiwe tishio, timu yake haina kinara anayehitaji kulindwa siku hiyo, na ameshajaribu kuchomoka hivi karibuni. Tabia ya kuchomoka ni ya kudumu. Wapo wanaojaribu kila wiki na wapo wenye miguu mizuri ambao hawajaribu kamwe.

5. Pima hali ya mwili kwa uangalifu

Rudi nyuma wiki 3 hadi 6. Matokeo kamili yako kwenye tovuti za ProCyclingStats na FirstCycling, lakini nafasi ya mwisho hudanganya. Aliyekuwa wa 48 huenda alivuta kundi kilomita 60 kwa ajili ya nahodha wake. Aliyepoteza dakika 15 kwenye mlima juzi huenda alijiachia makusudi apewe uhuru leo, au huenda anaumwa. Njia ya kutofautisha ni kuangalia aliachia wapi: anayejiachia makusudi huachia mwanzoni mwa mlima na kupanda kwa utulivu na wenzake, mgonjwa huachwa mahali pasipo na shinikizo lolote, tena mapema.

Hali ya hewa nayo itie kwenye mizani. Flèche Wallonne ya 2024 ilipigwa na mvua ya baridi kali, sehemu kubwa ya walioanza hawakufika, na Stephen Williams akashinda. Baridi huwaumiza zaidi wepesi wasio na mafuta mwilini. Kigali, iliyo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi: walioishi au kufanya mazoezi ya wiki kadhaa mahali pa juu wana faida, na aliyetua juzi ana hasara.

6. Geuza mawazo yawe asilimia

Gawa 100 kwa njia tatu za ushindi. Tuseme hatua inafanana na ile ya Vire Normandie: waliochomoka 55, kundi dogo 35, kinara peke yake 10. (Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu.)

Kinara mkubwa: likija kundi dogo, ana 45 kwa 100, kwa hiyo 35 × 0.45 = 15.75. Akiondoka mmoja, ana 60 kwa 100, kwa hiyo 6. Kwenye waliochomoka karibu hayumo, mwachie 1. Jumla ni karibu 23.

Mchomokaji mzuri: waliochomoka wakifika, je, atakuwemo? Sema 30 kwa 100. Akiwemo, atashinda? Sema 22 kwa 100. Basi 55 × 0.30 × 0.22 = 3.6. Jumla yake, na kijisehemu cha njia nyingine, ni kama 4.

Tulia hapo kidogo, maana wengi hushangaa. Unaamini kwamba waliochomoka huenda ndio watakaofika, na bado kinara wa kundi kuu ana nafasi karibu mara sita ya mchomokaji wako. Hii ni kwa sababu nafasi za waliochomoka zimegawanywa kwa watu 30 au 40 ambao yeyote kati yao anaweza kuwemo. Kwa hiyo ukimpa mchomokaji zaidi ya 8 kabla ya hatua kuanza, rudia hesabu. Pengine umeruka ile hatua ya kuuliza kama atakuwemo.

Ukitaka kulinganisha na maoni ya soko la kamari, gawa 100 kwa odi, yaani kiwango cha malipo kinachotolewa kwa kila mwendeshaji: odi ya 5.00 ni asilimia 20. Ukijumlisha waendeshaji wote utapata zaidi ya 100, mara nyingi zaidi kwa mbali, kwa kuwa kampuni ya kamari imeshachukua chake. Tumia odi kama kipimo cha kukagua kazi yako: ukimpa mtu 20 na soko likampa 3, aidha umeona kitu au hujasoma kwamba ana mafua.

7. Asubuhi na saa ya kwanza ya mbio

Kabla ya kuanza hakikisha orodha ya walioanza, maana hujitoa watu usiku. Kagua mwelekeo wa upepo kwenye kilomita 20 za mwisho: upepo wa uso huwafaa wanaofukuza, wa mgongo humfaa aliye mbele. Kwenye kilima kifupi cha mwisho chenye upepo wa uso, anayetangulia mapema hulipa.

Waliochomoka wakishapatikana, majina yasikupumbaze. Hesabu timu zisizowakilishwa. Timu mbili zenye wenye kasi nzuri zikikosa mtu mbele, ongeza asilimia za kundi dogo mara moja. Kisha angalia mwanya zikiwa zimebaki kilomita 50, na uone ni jezi za nani zinavuta. Wakiwa ni wasaidizi wawili wa mwisho wa timu moja, kundi halitawafikia waliochomoka.

Weka kumbukumbu ya kila utabiri: tarehe, hatua, asilimia za njia tatu, majina matano na asilimia zao, na kilichotokea. Baada ya hatua 30 hivi, wakusanye wote uliowapa karibu 20. Mmoja kati ya watano anapaswa kuwa ameshinda. Akishinda mmoja kati ya kumi, unawapa vinara kupita kiasi. Wapunguzie na sehemu hiyo uwarudishie waliochomoka. Fanya vivyo hivyo kwa njia za ushindi, tena tenganisha wiki ya kwanza ya mbio ndefu na wiki ya tatu: timu zikishachoka, waliochomoka hufika mara nyingi zaidi, na asilimia ulizozipima mwanzoni hazifai tena mwishoni.